Kompyuta Imekataa

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025, siku chache baada ya tarehe 14, kijana mmoja anayenisaidia mambo ya mashine alifika nyumbani kwangu hapa Chitete. Aliniamkia, akakaa, akanywa maji, kisha akasema, "Mzee, kompyuta yako imekufa." Niligeuka kuitazama. Ilikuwa mezani pake, inawaka, na barua niliyokuwa nikiiandika ilikuwa wazi kwenye skrini, kile kimstari kikipepesa mwishoni mwa sentensi. Nikamwuliza, ni maiti gani huyu anayepepesa jicho?

Alicheka, akanieleza. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imefikisha mwisho wa matengenezo ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na mashine yangu, ambayo niliinunua mwaka 2016, haina kile kijiwe cha usalama kinachotakiwa na Windows 11. Haikuharibika. Ila wale walioipa uhai wameacha kuiuguza. Alinipa njia mbili: ninunue nyingine, au aniwekee Linux, ambayo hailipiwi. Nilimwambia arudi baada ya wiki moja.

Kijana alidhani nahitaji wiki hiyo kutafuta fedha. Kwa kweli fedha haikuwa tatizo kubwa, maana moja ya njia zake haikuwa na gharama. Niliihitaji kwa sababu neno lile la kuhama lilinirudisha kwenye uhamaji mwingine, wa mwaka 2009, ambao mpaka leo sijaumaliza vizuri moyoni mwangu. Na swali lenyewe ningependa nilijadili na wewe, msomaji, kwa kuwa naamini hata asiyewahi kugusa kompyuta linamhusu: mtu anapobadili chombo chake, anabeba wajibu kiasi gani kwa vitu ambavyo watu wengine waliviweka ndani ya chombo kile cha zamani?

Mimi ni mhamaji mzoefu. Nilianza kazi ya ukarani mjini Mbeya mwaka 1978, kwenye taipureta nzito ambayo wiki nzima ya kwanza iliniumiza vidole vidogo. Kompyuta tulizisikia tu. Serikali ilikwisha kupata ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 kuingiza mashine hizo nchini kulipigwa marufuku, na kizazi changu cha makarani kikakua na karatasi ya kaboni. Sina kinyongo na marufuku ile. Kuna ubora fulani katika kujua kwamba ukikosea herufi moja nakala tatu zimeharibika.

Mwaka 1993 ofisi yetu ikaletewa kompyuta, nami nikapelekwa kujifunza WordPerfect 5.1. Waliowahi kuitumia watakumbuka skrini ya buluu isiyo na picha wala mapambo, na ule ukanda wa karatasi ngumu uliowekwa juu ya kibodi kutukumbusha kila kitufe kina kazi gani: F10 kuhifadhi, F7 kutoka, Shift na F7 kuchapa. Nilipoizoea, mikono ilienda yenyewe kama ya mwanamke anayesuka mkeka huku anazungumza. Kisha ikaja Windows, ikaja Word, na kwa muda mrefu vidole vyangu viliendelea kukimbilia F10, ambayo sasa ilikuwa haihifadhi kitu. Huo ndio uchungu wa kwanza wa kubadili programu, na watu huudharau. Unachopoteza ni mazoea ya mwili, na mazoea ya mwili ni sehemu ya mtu.

Nilipopunguzwa kazini mwaka 1998 nilirudi nyumbani. Ofisi ilikuwa ikiuza vifaa chakavu, nami nikanunua kompyuta moja ya mezani, nikaipakia juu ya magunia hadi Chitete, watu wakidhani ni televisheni. Niliiwasha kwa jenereta, mara mbili kwa wiki. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya maandishi yenye amri zake kwa Kiswahili, nilifurahi kama mtoto, nikaitafuta mpaka nikaipata. Nasema kwa aibu kwamba baada ya mwezi mmoja niliiacha. Kila amri ilikuwa katika lugha ya mama yangu wa pili, na mimi nilikuwa nasimama kwenye kila neno nikilitafsiri kwa Kiingereza ili nijue linafanya nini. Lugha haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekwisha kukunjwa upande mmoja kama bati.

Basi sioni dhambi katika kuhama. Wapo wazee wenzangu wanaojivunia kwamba hawajabadili kitu tangu 1995, na wapo vijana wanaobadili kila mwaka kama wanaobadili mashati. Wote wawili naona wanazungumzia ladha zao tu. Hata mahali petu pamehama bila kusogea. Nilirudi Chitete ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 ikazaliwa Wilaya ya Momba, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe. Tulibadili vichwa vya barua mara mbili, lakini aliyekuwa na shamba lake alibaki nalo, na deni la mtu lilibaki deni. Mikoa yaweza kugawanywa bila mtu kupoteza alichokuwa anadai. Kwangu mimi haikuwa hivyo.

Tulikuwa na chama cha kuzikana na kukopeshana, watu wasiofika hamsini, wengi wakulima wa mahindi na ufuta. Mwaka 2004 waliniomba, kwa kuwa nina mashine, nihamishe hesabu kutoka kwenye daftari. Nilitumia programu ya mahesabu ambayo sitaitaja jina, ya zamani tayari wakati ule, ya enzi za DOS. Ilifanya kazi vizuri. Kila mwanachama alikuwa na hisa zake, na kando yake sehemu ya akiba ya ziada, kwa wale waliotaka kuweka zaidi baada ya kuuza mazao. Tuliiamini mno hata daftari la zamani likaachwa kwenye ghala, na mchwa wakafanya kazi yao.

Mwaka 2009 nilinunua laptopu mpya. Ile ya mezani niliipeleka kwa fundi Tunduma akanunua vipuri, na diski yake ikafutwa. Kabla ya hapo nilinakili mafaili yote kwa uangalifu, nikayahesabu hata. Lakini programu yenyewe sikuihamisha, na hata ningeihamisha isingefanya kazi, kwa kuwa Windows mpya ya biti 64 haikubali kuendesha programu za DOS. Nilibeba kufuli nikaacha ufunguo. Sikugundua mapema, kwani nilikuwa na orodha iliyochapwa ya hisa za kila mtu, nikaendelea na orodha hiyo kwa programu nyingine. Akiba ya ziada haikuwamo kwenye orodha ile.

Mwaka 2011 mwanachama mmoja alifariki. Tulimzika vizuri. Baada ya siku za msiba mjane wake alikuja kwenye mkutano na daftari dogo la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akasema marehemu aliweka akiba ya ziada mara tatu: shilingi 60,000 Julai 2005, shilingi 40,000 Agosti 2006, na shilingi 50,000 Agosti 2007. Zote alikuwa ameziandika kwa mkono wake. Mwenyekiti aliniangalia. Watu wote waliniangalia. Nikasema, "Hizo za ziada kompyuta imekataa kuzifungua."

Neno hilo nimelitafakari miaka mingi. Katika Kiswahili chetu vitu vinakataa. Gari limekataa kuwaka, kuni zimekataa kushika, redio imekataa. Ni usemi mzuri, wenye ucheshi ndani yake, na anayesema kuni zimekataa hana nia ya kuzishitaki kuni. Kila mtu anajua nani alizianika vibaya. Lakini niliposema kompyuta imekataa, hakuna aliyesikia ucheshi wowote. Walisikia hukumu. Walimwona kule mezani mtu mwingine, mwenye akili kuliko sisi, asiye na ndugu wala deni, ambaye amekataa. Na mbele ya mkataaji wa namna hiyo, daftari la shule lenye mwandiko wa mkulima lilikuwa na nguvu gani? Mjumbe mmoja alisema kwamba kwenye daftari mtu yeyote anaweza kuandika chochote. Mkutano ukaamua kumlipa mama yule hisa zilizokuwa kwenye orodha, na zile za ziada zisitambuliwe kwa kukosa ushahidi.

Mimi nilikaa kimya. Sikusema uongo hata mmoja. Kompyuta kweli ilikuwa imekataa.

Rafiki yangu, mwalimu mstaafu, nilipomsimulia alinitetea. Alisema kosa ni la watengenezaji, wanaofungia maandishi ya watu ndani ya aina ya faili wanayoijua wao peke yao, kisha wanafunga duka na kuondoka. Ana hoja, na sitaki kuipuuza. Mwenye kuuza sanduku lisilofunguka ila kwa ufunguo wake, akijua ipo siku ataacha kuuza funguo, ana sehemu yake ya lawama. Wapo waliolitambua hilo: LibreOffice, mtoto wa ile OpenOffice, leo inafungua mafaili ya WordPerfect na hata ya Lotus, kwa sababu watu waliketi kuchambua namna yalivyoandikwa. Wengine waliumia kwanza ndipo wakajifunza. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikusanya habari za nchi yao kwenye diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday. Haikupita miaka ishirini wakawa wanahangaika kutafuta namna ya kuzisoma diski hizo, huku kitabu chenyewe cha mwaka 1086 kikiwa bado kinasomeka.

Hata hivyo utetezi ule haunifikii mimi, kwa sababu hauhusu maandishi yangu. Barua zangu za kale zikipotea ni hasara yangu. Nimechagua mwenyewe sanduku bovu. Hesabu za chama zilikuwa amana. Katika sheria ya Kiislamu, kama walivyonifafanulia majirani zangu Waislamu wa Mbeya, aliyewekewa amana halipi ikiharibika bila uzembe wake, akizembea, anawajibika. Naona mgawanyo huo ni wa haki kabisa, nami kwa muda nilijificha ndani yake. Umeniachia mbuzi, mbuzi amekufa kwa ugonjwa. Nikuoneshe ngozi, tusikitike pamoja. Lakini mbuzi huyu hakufa. Alikuwa hai kwenye zizi, anasikika akilia, na mimi niliyetupa ufunguo nilisimama mlangoni nikiwaambia watu kwamba zizi limekataa.

Je, nilizembea? Mtu aweza kusema kwamba mwaka 2009 sikujua, na kutojua si uzembe. Nakubali, kwa mwaka 2009. Ila baada ya ule mkutano wa 2011 nilijua. Na hapa ndipo panaponiuma, msomaji, maana diskieti mbili za programu ile zilikuwa nyumbani kwangu muda wote, ndani ya kopo la Blue Band pamoja na vifungo vya mashati na misumari. Nilijua zipo. Nilijiambia kwamba diskieti za zamani huwa zimeharibika, kwamba laptopu haina mahali pa kuziingizia, kwamba nitauliza nikienda mjini. Nilienda mjini mara nyingi. Miaka mitano.

Mwaka 2016 niliponunua hii mashine ambayo sasa inaitwa maiti, kijana huyuhuyu, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa anahamisha mafaili yangu akaona folda asiyoielewa. "Shikamoo tena mzee, haya ni ya nini?" Nilimwambia ni ya chama, hayafunguki. Hakuwahi kusikia mkutano wowote, kwa hiyo neno hilo halikumtisha. Alisema zipo programu, mojawapo inaitwa DOSBox, zinazoifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Alichohitaji ni programu yenyewe. Nikaenda kuleta lile kopo. Kwa fundi mmoja Tunduma tulipata kisomeo cha diskieti cha kuchomeka pembeni. Diskieti ya kwanza ilisomeka mara moja. Ya pili ilikwaruza na kugoma, tukaipumzisha, tukairudia, na jioni ikatoa kila kitu. Kazi yote ilichukua siku moja na nauli.

Skrini ile ya zamani ilipotokea nilitafuta jina la marehemu. Julai 2005, shilingi 60,000. Agosti 2006, shilingi 40,000. Mwaka 2007 hakuna.

Nilikaa mbele ya mstari ule mtupu muda mrefu. Huenda marehemu aliandika alichokusudia kuweka akaishia kukitumia. Huenda alinipa mkononi, siku ya mnada, jenereta likiwa halina mafuta, nikasema nitaingiza kesho. Nilikuwa nafanya hivyo wakati mwingine. Programu ilinipa nilichoiandikia, wala haikuwa na namna ya kunipa nisichoandika. Katika miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba likifunguka tu, ukweli utakuwa ndani.

Viongozi wa chama, tofauti na nilivyoogopa, hawakubisha. Walitoa shilingi 100,000. Mimi nikaongeza 50,000 mfukoni mwangu, nikavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ambako mama yule alikuwa amehamia kwa binti yake. Nilimweleza yote, pamoja na kopo. Alisikiliza huku anachambua mboga. Nilipompa fedha alizihesabu, akazitenganisha, akauliza, "Shemeji, hizi hamsini ni za chama au ni zako?"

Nilisema ni zangu.

"Zako sizidai," akanirudishia. Kisha akaingia ndani akaleta lile daftari la shule, akataka niandike chini ya mwandiko wa mumewe kwamba mbili zimelipwa, niweke tarehe na sahihi. Mstari wa tatu akaniambia niuache ulivyo.

Mpaka leo sijui nilichokuwa nafanya na zile elfu hamsini. Yawezekana nilikuwa natenda haki kwa kuukubali ushahidi wa daftari pale ambapo wangu ulikuwa na mashaka. Yawezekana pia nilikuwa nanunua usingizi, na yeye aliitambua biashara hiyo upesi kuliko mimi. Kuna tofauti kati ya kulipa deni na kulifunika, lakini anayetoa fedha haioni vizuri akiwa peke yake.

Katika kusoma kwangu nimekutana na habari ya barua za Kilwa za mwaka 1711, ambazo zimo katika maktaba ya kumbukumbu ya Goa kule India. Zinatajwa kuwa miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyokuwa kikiandikwa pwani kwa karne nyingi, kabla ya shule na ofisi za Wajerumani na Waingereza kutuhamishia kwenye herufi za Kilatini. Uhamaji ule ulikuwa mkubwa kuliko wowote wa kutoka WordPerfect kwenda Word, na hakuna aliyetuuliza. Mimi mwenyewe, karani wa miaka mingi, nikioneshwa karatasi ile siwezi kusoma neno la lugha yangu. Ila yupo mzee Pemba au Lamu anayeweza, kwa sababu kuna mtu aliendelea kufundisha herufi zile hata baada ya ofisi kuacha kuzihitaji. Karatasi ilitunzwa Goa. Uwezo wa kuisoma ulitunzwa na walimu wa chuoni, ambao hawakulipwa na serikali yoyote kwa kazi hiyo.

Wiki ilipokwisha kijana alirudi. Nilikwisha kuamua: aniwekee Linux, tuiache maiti iendelee kupepesa. Lakini nilimwambia hatutagusa kitu kabla ya kupitia mafaili yote ya watu wengine, moja baada ya jingine, kuyafungua kwenye mfumo mpya huku wa zamani bado upo, na yale ya hesabu kuyachapa. Alisema itachukua siku nyingi. Ilichukua siku tisa. Chama chenyewe kilivunjika zamani, wengi wa wale wanachama wamefariki, na pengine hakuna atakayekuja kuuliza. Wajukuu wao ndio waliopita barabarani wakituona tumekaa na karatasi barazani, mvua za kwanza zikinyemelea, kijana akisoma majina kwa sauti na mimi nikiweka alama.

Tulipofika mwisho aliuliza kama sasa aifute ile folda ya DOS na programu yake, maana kila kitu kimekwisha kuchapwa na kuhamishiwa kwenye faili za kawaida. Nilimwambia aiache. Kuna shilingi 50,000 za Agosti 2007 ambazo bado nazitafuta.